SOMO LA LEO: KIFAFA NI UGONJWA WA UBONGO

Ninyi mlioko Tunduma, Vwawa na vijijini mwa Mbozi, sogeeni karibu. Leo tutasoma jinsi watu walivyojua kwamba kifafa hutoka katika ubongo.

Kwanza tujue kazi ya ubongo. Ubongo ndio mkuu wa mwili, nao hukaa ndani ya fuvu la kichwa. Kutoka kwake kamba nene hushuka ndani ya mifupa ya mgongo. Kutoka kamba hiyo mishipa ya fahamu hutawanyika mpaka ncha za vidole. Ukikanyaga mwiba, habari hupanda mpaka kwenye ubongo, nawe unasikia maumivu. Ukitaka kuinua jembe, amri hushuka mpaka mkononi. Habari na amri hizo huenda kwa nguvu ndogo ya umeme.

Mtu mwenye kifafa, umeme huo huchafuka ghafla. Amri huenda ovyo. Basi mtu huweza kuanguka, kukakamaa na kutetemeka, wala hajui linalotendeka.

Yapata miaka 2,400 iliyopita, Wagiriki wengi walidhani kifafa huletwa na miungu. Maandishi yaliyohifadhiwa kwa jina la tabibu Hippocrates yalikataa neno hilo, yakasema ugonjwa hutoka katika ubongo. Lakini umeme wa ubongo haukuonekana kwa macho. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, aliupima umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akatangaza habari hiyo. Dawa ya fenobabitoni ilikuwa imeanza kutumika kwa kifafa tangu mwaka 1912.

Na hapa kwetu je? Mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norwe, Louise Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Watu wa huko waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo wagonjwa walikula peke yao. Mgonjwa akiangukia motoni, wengine waliogopa kumvuta. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Daktari aliwapa dawa ya kumeza kila siku, na wengi wao wakapata nafuu. Tazameni: kifafa kiliwaangusha, lakini hofu ya jirani ndiyo iliyowaacha waungue.

Kifafa kina sababu nyingi. Moja iko karibu nasi. Uchunguzi uliofanywa Mbozi umeonyesha kwamba ugonjwa wa tegu wa nguruwe upo kwa watu na kwa nguruwe. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, nayo haikuiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi chake. Nguruwe akila kinyesi hicho, hupata vifuko nyamani. Mtu akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, chakula au maji, vifuko huweza kukaa ndani ya ubongo wake na kuleta kifafa. Basi jengeni vyoo, fungieni nguruwe bandani, naweni mikono kwa sabuni, na nyama iive mpaka ndani.

Ukimwona mtu ameanguka kwa kifafa, usikimbie. Mate yake hayaambukizi kifafa. Mwondoe karibu na moto au maji. Mlaze ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, wala usitie kitu kinywani mwake. Usimkandamize. Ikipita dakika 5 hajatulia, mpelekeni hospitali upesi. Na mwenye dawa asiache kuzimeza bila shauri la daktari.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Mishipa ya fahamu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini wagonjwa wa Mahenge walikuwa na makovu?
3. Kijijini kwenu, nguruwe hufungiwa au huzurura?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.