Macho Yaliyokipata Kiini cha Atomu

Mwaka 1909, katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kazi ilianza kwa kukaa gizani. Mtafiti alizima taa, akasubiri mpaka macho yazoee giza, ndipo akainamia hadubini. Mbele yake palikuwa na kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Chembe ya alfa ilipokigonga, nukta ya mwanga ilimweka na kuzimika kama kimulimuli. Alitakiwa azihesabu nukta hizo, moja baada ya nyingine, kwa macho yake.

Waliohesabu ni Mjerumani Hans Geiger na Ernest Marsden, kijana wa miaka 20 aliyekuwa bado mwanafunzi. Mkuu wa maabara, Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alikuwa ametunukiwa Nobel ya kemia mwaka uliotangulia. Vitabu vingi vya shule humsifu yeye na kuwapita hao wawili mbio. Naona hawajatendewa haki.

Wakati huo J. J. Thomson, aliyegundua elektroni mwaka 1897, alikuwa amefundisha kwamba chaji chanya imetapakaa atomu nzima. Ingekuwa hivyo, chembe ya alfa, nzito, yenye chaji chanya na kasi kubwa, ingepenya karatasi nyembamba ya dhahabu iliyowekwa njiani mwake na kupinda kidogo tu. Rutherford alimwagiza Marsden atazame kama ziko chembe zinazorudi nyuma. Zilikuwako.

Katika dhahabu yenye unene wa sentimita 0.00004 hivi, chembe moja kati ya 20,000 iligeuzwa kwa wastani wa nyuzi 90. Moja kati ya elfu ishirini! Mtu mvivu angesema macho yamechoka. Rutherford aliitafakari namba hiyo, na mwaka 1911 akatoa jibu: chaji chanya na karibu uzito wote wa atomu vimerundikana katika kiini kidogo mno, na nafasi iliyobaki ni tupu kabisa isipokuwa elektroni. Chembe nyingi zilipita kwa kuwa hazikukutana na kitu. Ile moja ilikikaribia kiini ikasukumwa. Geiger na Marsden wakarudi gizani kuipima hoja hiyo. Kufikia 1913 walikuwa wamehesabu nukta zaidi ya 100,000, na hesabu zikakubaliana naye.

Mwaka huohuo Niels Bohr wa Denmark alieleza kwa nini elektroni hazianguki kwenye kiini: hukaa katika viwango maalumu vya nishati.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikawatawanya. Henry Moseley, aliyewahi kufanya kazi katika maabara hiyo na aliyeonyesha kwa eksirei kwamba kila elementi ina namba yake ya chaji, aliuawa Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. James Chadwick, mwanafunzi wa Rutherford aliyekwenda Berlin kufanya kazi na Geiger, alishikwa huko na kuwekwa kizuizini mpaka vita ilipokwisha. Ni yeye aliyegundua nyutroni, chembe isiyo na chaji, mwaka 1932, na hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini kiini ni kizito kuliko protoni zake, yaani chembe zake zenye chaji chanya.