Mshikaki wa Yoba na Mchuzi Wake

Mshikaki ni vipande vya nyama vilivyolowekwa katika chumvi, kitu kichachu na viungo, vikatungwa kwenye kijiti au waya, kisha vikachomwa juu ya makaa. Katika Yoba, mtaa wa Waswahili mjini Gitega, na katika mji wa Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, chakula hiki kinajulikana kama kinavyojulikana Unguja au Mombasa. Kwingineko Burundi watu wengi hukiita burusheti, neno lililotokana na Kifaransa. Kila kilichomo katika mchuzi wake kilifika bara kwa njia yake na kwa wakati wake. Chumvi ilitangulia, viungo vikaja na watu wa pwani, sukari ikafuata, na sosi ya soya ndiyo iliyofika mwisho.

Jina la mshikaki linatoka katika Kiarabu. Nchini Oman, mishkak huchomwa kando ya barabara hadi leo, na nyama yake hulowekwa katika ukwaju na kitunguu saumu. Oman na pwani ya Afrika Mashariki ziliunganishwa na biashara kwa karne nyingi, na uhusiano huo ukakazwa Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kufikia mwaka 1840. Ukwaju wenyewe una historia ya kupendeza. Waarabu waliuita tende ya India, ilhali mkwaju ni mti wa asili wa Afrika. Mpishi wa pwani huuloweka katika maji ya moto, huuminya, huuchuja, kisha hupata rojo jekundu lenye uchachu na utamu kwa pamoja. Nyama ikiwa ngumu, hupakwa papai bichi lililosagwa, kwa kuwa utomvu wa papai una kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama. Kazi hiyo inahitaji kipimo, maana papai likizidi au likikaa muda mrefu, nyama hulegea ikawa kama uji.

Njia ya kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika ilipita Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji kabla wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke hawajafika hapo mwaka 1858. Hata hivyo, milima ya Burundi haikufunguka kwao. Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na ngome yake Ujiji, alijaribu kupenya nchi hiyo katika miaka ya 1880, akazuiwa na majeshi ya mfalme wake, Mwami Mwezi Gisabo. Kilichopita bila vita ni chumvi. Chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Maji yake yalichemshwa katika vyungu hadi yakakauka, na chumvi iliyobaki ikabebwa vichwani hadi kwenye nchi za kandokando ya ziwa, Burundi ikiwamo. Kwa hiyo nyama ya milimani ilionja chumvi ya Uvinza zamani sana kabla ya kuonja viungo vya Unguja.

Waswahili waliingia milimani pamoja na utawala wa kikoloni. Baada ya Mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903, Mwezi Gisabo alikubali mamlaka ya Wajerumani, na mwaka 1912 makao ya utawala wao yakahamishwa kutoka Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, kwenda Gitega, iliyoandikwa Kitega siku hizo. Wajerumani waliendesha kazi zao kwa Kiswahili. Askari, makarani, wakalimani na wachuuzi waliowafuata waliongea lugha hiyo, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 waliikuta jamii hiyo imeshaota mizizi. Ndipo penye asili ya mitaa kama Buyenzi mjini Bujumbura na Yoba mjini Gitega. Katika Burundi, jina Mswahili likawa la mtu wa mjini, Mwislamu, mfanyabiashara, hata kama babu zake walizaliwa palepale milimani.

Athari ya mitaa hiyo inasikika katika Kirundi. Soko huitwa isoko, sahani isahani na sukari isukari. Maneno hayo matatu yanatosha kuonyesha njia ambayo upishi wa pwani ulipitia: kwanza mahali pa kununulia, kisha chombo cha kuandalia, kisha ladha. Sukari yenyewe ilikuwa bidhaa ya kuagizwa hadi kiwanda cha SOSUMO kilipoanzishwa katika miaka ya 1980 kwenye tambarare ya Moso, mashariki mwa Burundi.

Upishi ulibadilika kadiri ulivyopanda mlima. Mkwaju ni mti wa nchi za joto na hausitawi vizuri Gitega, penye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, hivyo uchachu ukatolewa na ndimu. Nyama ya mbuzi ikashika nafasi kubwa, na ndizi za kukaanga zikawa mwandani wake sahanini.

Sosi ya soya, ya mwisho kuingia katika mchuzi huu, ilitoka mbali zaidi. Nchini Japani hutengenezwa kwa soya, ngano na chumvi, vikachachushwa kwa ukungu uitwao koji kwa miezi sita au zaidi. Katika enzi ya Edo, kuanzia 1603 hadi 1868, mji wa Noda ulijulikana kwa sosi hiyo, iliyosafirishwa kwa mashua hadi Edo, ambayo sasa ni Tokyo. Huko ndiko ulikokua upishi wa teriyaki. Neno teri maana yake ni mng'ao, na yaki ni kuchoma. Samaki alichomwa huku akipakwa sosi ya soya iliyochanganywa na mirin, mvinyo mtamu wa mchele wenye alkoholi karibu asilimia 14. Wahamiaji wa Kijapani waliipeleka Hawaii, ambako nanasi na tangawizi viliongezwa, na kuku na nyama ya ng'ombe vikachukua nafasi ya samaki.

Teriyaki na mshikaki hutofautiana katika wakati wa kutia mchuzi. Mshikaki hulowekwa kabla ya moto ili ladha izame ndani; teriyaki hupakwa nyama ikiwa imekaribia kuiva ili ladha ing'ae juu. Sababu ni sukari, ambayo huungua upesi na kuwa chungu ikiachwa motoni tangu mwanzo.

Mshikaki ukipakwa mchuzi wa namna ya teriyaki katika nyumba ya Kiislamu, mirin haitumiki kwa kuwa ni kileo. Sukari, maji na ndimu hushika nafasi yake. Kwa nusu kilo ya nyama, mililita 100 za sosi ya soya huchanganywa na maji kiasi hichohicho, vijiko vitatu vya chakula vya sukari, kipande cha tangawizi kilichopondwa na punje mbili za kitunguu saumu. Chumvi haiongezwi, kwa kuwa sosi inayo ya kutosha. Sufuria huachwa wazi juu ya moto wa wastani kwa dakika kumi hivi, hadi mchuzi upungue kufikia karibu nusu. Dalili ya kuiva ni mapovu: yale madogo ya mwanzo hugeuka kuwa makubwa, mazito, yanayopasuka polepole, na mchuzi huganda mgongoni mwa kijiko. Hapo sufuria huepuliwa, ndimu hukamuliwa ndani, na mchuzi hupakwa mara mbili au tatu katika dakika za mwisho za kuchoma. Sehemu ya kuchovya mezani hutengwa mapema, isiguswe na brashi iliyopita kwenye nyama mbichi.