Kigae cha Kale na Thamani Yake

Huenda siku moja, msomaji, ukipita kando ya mto mkavu huko Kitui baada ya mvua kubwa, ukaona kigae cha chungu kimejitokeza ukingoni, mahali palipomomonyolewa na maji. Swali la kwanza litakalokujia ni hili: Je, hiki ni cha kale? La pili, ambalo wengi hulitanguliza, ni bei yake.

Weusi na uchakavu havithibitishi neno. Chungu kilichopikiwa miaka 10 huweza kuwa cheusi kama kilichopikiwa 100, na mwenye hila huweza kukipaka matope na kukifukiza moshi. Hata mabingwa hudanganyika. Huko Mexico alikuwako mfinyanzi, jina lake Brígido Lara, aliyefinyanga sanamu za udongo kwa mfano wa zile zilizofanywa Veracruz kabla ya Columbus kufika Amerika. Mwaka 1974 alikamatwa, akashtakiwa kuwa amefukua mali ya kale, maana wataalamu walizitazama sanamu zile wakasema ni za kale kweli. Basi aliomba aletewe udongo gerezani, akafinyanga nyingine mfano wa zile zile. Mwaka 1975 akaachiliwa, na baadaye makumbusho ya Xalapa yakamwajiri. Fikiri aibu ya wale waliokwisha kutoa fedha nyingi!

Siku hizi iko njia ya kupima. Chembe chache za udongo uliochomwa hutiwa moto, nazo hutoa mwanga hafifu. Kwa kuupima mwanga huo hukadiriwa miaka iliyopita tangu chombo kilipochomwa. Lakini kipimo hicho hakikwambii aliyekifinyanga ni nani, wala alikipikia nini.

Katika Ukambani ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Uswidi aliyekaa huko kati ya 1910 na 1912, aliandika kwamba wafinyanzi waliviwekea vyungu vyao alama, kila mmoja yake. Mistari michache iliyokwaruzwa kabla udongo haujakauka ilitosha kumtambulisha mwenye kazi. Kwa hiyo bibi yako aweza kusoma katika chungu kilichorithiwa jambo ambalo mgeni mwenye shahada hataliona, naye hatakudai ada.

Vigae vya kale zaidi havina bibi wa kuvisemea. Hivyo husemewa na mahali vilipolala. Robert Soper alipochimba karibu na Kwale mwaka 1966, alipata vigae vya wakulima waliojua kufua chuma, na makaa yaliyopatikana pamoja navyo yalipopimwa yalionyesha umri wa kama miaka 1,700 au zaidi. Baadaye alichunguza pia vilima vya Chyulu, upande wa Makueni, akachapisha habari zake mwaka 1976. Angalia: umri ule wa Kwale ulitokana na makaa. Kama mtoto angalikuwa amekwisha kuviokota vigae na kuvipeleka nyumbani mfukoni, makaa yangalibaki makaa tu, na vigae vingalibaki vipande vya udongo.

Serikali nayo ina kipimo chake. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, huhesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachochukulika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Chungu kilichokuwa mekoni kwa Kivui, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyempokea Krapf huko Kitui mwaka 1849, kingeingia humo. Kukipeleka nje ya nchi pasipo kibali ni kosa.

Na bei? Kigae kimoja sokoni hakinunui hata kibaba cha mahindi. Chungu kizima mtalii atakilipia, kisha atakiweka sebuleni katika nchi ya mbali, na wa kumweleza ile alama hatakuwapo.

Basi ukikiona kigae chako pale ukingoni, kiache kilivyolala. Pima kwa hatua umbali wake kutoka mti au mwamba ulio karibu, andika ni kina gani chini ya uso wa ardhi, chora ukingo wake na alama yoyote iliyopo. Mpelekee mwalimu wako karatasi hiyo ili habari ifike makumbusho. Nawe ukirudi nyumbani jioni, mwonyeshe bibi ule mchoro kabla hajalala.