Kipatanishi

Losheni nyingi zina emalsifaya, kiungo kinachofanya mafuta na maji vikae pamoja. Mimi napendekeza tuiite kipatanishi, maana kuchanganya tu hakutoshi. Mafuta ya makadamia, zao linalostawi Embu na Meru, hulainisha ngozi vizuri, lakini yatikise na maji uone: baada ya muda mfupi yamejitenga, yanaelea juu. Molekuli ya kipatanishi ina ncha mbili, moja hushika maji, nyingine mafuta, hivyo matone madogo ya mafuta hubaki yametawanyika. Wanaojitengenezea krimu nyumbani wasitegemee nta ya nyuki peke yake. Huifanya krimu iwe nzito, ila haipatanishi vya kutosha. Tena penye maji, bakteria na kuvu huzaliana, kwa hiyo kihifadhi ni lazima.