Papa wa Sinema na Papa wa Baharini

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya samaki aliyeharibiwa jina na sinema. Samaki huyo ni papa.

Watu wa pwani yetu wanamjua papa tangu enzi za mababu. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, papa mkavu hupikwa kwa nazi, na mafuta ya maini yake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zidumu majini. Mvuvi anamheshimu papa, na akiwa majini anamwogopa, maana meno yale si ya mchezo. Lakini mimi sijapata kumsikia mvuvi akidai kwamba papa humwekea mtu kisasi. Habari hizo za kisasi zimetufikia kutoka Marekani.

Mwaka 1974 mwandishi Peter Benchley alitoa riwaya aliyoiita Jaws, yaani mataya. Tarehe 20 Juni 1975 ikatoka sinema yake, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Kisa chenyewe ni chepesi. Papa mweupe mkubwa anakita kwenye ufuko wa mji wa watalii na kuua watu mmoja baada ya mwingine. Watu watatu wanapanda mashua kwenda kumwinda: mkuu wa polisi, mvuvi wa siku nyingi, na mtaalamu wa viumbe vya baharini. Sinema hiyo ilivunja rekodi zote za mapato za wakati ule. Nimeitazama, na sina budi kusema imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ustadi huo ndio unaonitia wasiwasi.

Hebu tumwangalie yule mtaalamu. Mlevi akipayuka kwenye sinema, sote tunajua ni mchezo. Lakini akitokea msomi mwenye miwani na vyombo vya kupimia, maneno yake tunayapokea kama somo la darasani. Mtaalamu huyu anaeleza kwamba papa mmoja aliyepotoka anaweza kujitwalia eneo, akabaki hapo maadamu chakula kipo. Anasema ni nadharia tu, ila yeye anaikubali. Watazamaji wakasahau neno nadharia, wakaondoka na papa.

Nadharia hiyo ilikuwapo kweli. Aliyeieneza ni daktari mpasuaji wa Australia, Victor Coppleson, aliyekusanya habari za watu walioshambuliwa na papa na kuzichapisha katika kitabu mwaka 1958. Aliona mashambulio yakifuatana mahali pamoja, akadhani mkosaji ni mmoja. Wataalamu wengi waliomfuata hawakukubaliana naye. Na siku hizi papa hufungwa vyombo vya kufuatilia safari zao. Papa mweupe mmoja jike, aliyefungwa chombo huko Afrika Kusini mwaka 2003, alivuka Bahari ya Hindi hadi Australia na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 20,000, kwa muda wa miezi tisa hivi. Msafiri wa namna hiyo hana haja ya kuweka makao kwenye ufuko mmoja akimsubiri mkuu wa polisi.

Sinema hiyo pia ilichukua mambo yaliyotokea kweli ikayapinda. Inataja vifo vya pwani ya New Jersey, ambako kati ya tarehe 1 na 12 Julai 1916 watu wanne waliuawa na mmoja kujeruhiwa. Hayo yalitokea. Ila wataalamu hadi leo wanabishana kama alikuwa papa mmoja au zaidi, kwa kuwa baadhi ya watu hao walishambuliwa baharini, na wengine katika kijito cha Matawan, mbali na mawimbi.

Kisha yule mvuvi anasimulia habari za manowari ya Marekani Indianapolis, iliyozamishwa na Wajapani tarehe 30 Julai 1945. Anasema watu 1,100 waliingia majini, wakatoka 316, waliobaki wakaliwa na papa. Kwa kweli manowari ilikuwa na watu wapatao 1,195, na takriban 300 kati yao walizama nayo pale pale. Waliosalia walikaa majini kwa siku nne hivi. Papa waliwala baadhi yao, hilo halina ubishi. Lakini wengi waliuawa na majeraha, kiu, jua kali na kunywa maji ya chumvi. Waliwaua pia kwa sababu msaada ulichelewa, na kuchelewa huko kulikuwa kosa la binadamu. Katika sinema kosa hilo linatajwa kwa kupita tu. Limebebeshwa samaki.

Pengine utaniuliza, ndugu msikilizaji, hadithi ya kuburudisha ina madhara gani? Twende Australia. Baada ya vifo kadhaa kwenye fukwe za Australia Magharibi, serikali ya jimbo hilo iliamuru mwaka 2014 kwamba ndoana kubwa zenye chambo zitegwe karibu na fukwe. Papa zaidi ya 160 walinaswa, na makumi yao wakafa. Katika wote hao hakuwamo hata papa mweupe mmoja, naye ndiye aliyeshukiwa zaidi. Mtafiti wa siasa Christopher Neff alichunguza maneno ya wakubwa wa jimbo hilo, akakuta mawazo matatu yaliyotoka moja kwa moja katika sinema: kwamba papa humuuma mtu kwa kukusudia, kwamba kuumwa na papa ni kufa, na kwamba dawa ni kumuua papa huyo. Mawazo yote matatu hayana msingi. Wengi wanaoumwa hupona. Na huko Hawaii, kati ya 1959 na 1976, papa 4,668 waliuawa kwa mpango wa serikali, lakini mashambulio hayakuonekana kupungua.

Sasa tuziweke hesabu kwenye mizani. Duniani kote, papa huua watu wasiozidi kumi hivi katika mwaka wa kawaida. Sisi wanadamu, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2013, tunaua papa milioni 100 hivi kila mwaka. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Ni samaki anayechelewa kukomaa na kuzaa watoto wachache. Akivuliwa ovyo, hafidiki.

Tuseme haki: sinema haikushika nyavu. Papa wanamalizwa na meli za uvuvi na biashara ya mapezi. Tena wapo vijana walioitazama sinema ile wakatamani kusomea elimu ya bahari. Kosa la sinema ni kwamba ilituondolea huruma wakati huruma ilipohitajika. Nani atamlilia muuaji?

Mmoja aliyemlilia ni Benchley mwenyewe. Alipojifunza zaidi habari za papa, alisema kwamba kwa ujuzi uliopatikana baadaye asingeweza kuiandika hadithi ile tena. Alitumia miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 2006, akitetea papa wasiangamizwe. Naye Spielberg alisema mwaka 2022 kwamba anajuta kwa papa waliopotea. Lakini maneno ya majuto hayajawahi kupata watazamaji wengi kama sinema.

Kwetu, hapo kisiwani Mafia, yupo potwe. Ni jamaa ya papa, mkubwa kuliko yule wa sinema, anaweza kupita mita 12. Anakula vijidudu vya baharini na dagaa, na wageni hulipa fedha ili waogelee karibu naye. Mtoto wa mjini anayemjua papa kupitia kioo tu hawezi kuyaamini hayo. Basi tusiwazuie watoto kutazama sinema. Ila ikiisha, na aliyetisha sana awe amevaa miwani ya msomi, tuwaulize swali moja: huyu bwana amejuaje?