Prosesa au kadi ya michoro?

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya kuandaa maandalio ya somo. Leo nawaletea ubishi wa chumbani kwetu.

Nimejibana na bumu mihula miwili ili ninunue laptopu. Jamaa ninayekaa naye anasema hela yote iende kwenye kadi ya michoro, eti ndiyo inayopiga hesabu za fizikia ya gemu: pipa linavyobiringika, ukuta unavyobomoka. Mimi nasomea ualimu wa historia, nikaona nichimbe kwanza.

Mwaka 2004 ilitoka Half-Life 2. Mle ndani unavuta mapipa na kuwarushia maadui, na hesabu zake zilipigwa na prosesa kwa kutumia Havok, programu ya kampuni iliyoanzia Dublin mwaka 1998. Prosesa kila mtu anayo, kwa hiyo fizikia ikawa ndiyo mchezo wenyewe.

Mwaka 2006 kampuni ya Ageia ikaja na kadi ya PhysX, kazi yake fizikia tu. Mwaka 2007 Dell wakaiweka hata kwenye laptopu yao ya XPS M1730. Sasa mtunga gemu afanyeje? Daraja likihitaji kadi ile ndipo libomoke, asiyekuwa nayo anakwama hapo hapo. Basi kadi ikaachiwa mapambo: vumbi, cheche, vipande vya vioo.

Februari 2008 Nvidia wakainunua Ageia, na mwaka huohuo kazi ikahamia kwenye kadi zao za GeForce. Tuseme haki, kadi ya michoro inapiga hesabu nyingi kwa mpigo, inafaa kwa vipande maelfu. Ila hiyohiyo ndiyo inachora picha, na mchezo wenyewe unaendeshwa na prosesa. Kwenye Batman: Arkham Asylum ya 2009 karatasi zinapeperuka, moshi unazunguka. Ukizima vyote hivyo, gemu unaimaliza vilevile.

Sikieni kilichofuata. Mwaka 2025 kadi za RTX 50 zilitoka bila uwezo wa kuendesha PhysX ya zamani ya biti 32. Kadi mpya, bei mbaya, halafu mapambo yale yakarudi kwa prosesa na gemu ikawa inajikokota! Desemba 2025 Nvidia wakarudisha uwezo huo, lakini kwa baadhi ya gemu tu. Half-Life 2 wala haikuguswa.

Na kwa laptopu kosa halirekebishiki kirahisi. Prosesa na kadi kwa kawaida vimelehemiwa kwenye ubao, huwezi kusema mwakani nitabadilisha. Tena vyote viwili mara nyingi vinagombea feni zilezile.

Kwa hiyo nimeamua: prosesa nzuri kwanza, kadi ya wastani ya kuchora picha. Jamaa kaninunia tangu jana. Ila namjua, laptopu ikifika ndiye atakuwa wa kwanza kuiazima.

Haya, kipindi kinaanza. Tutaonana!