Kuupa Uchungu Nafasi: Historia Fupi ya Kukubali Hisia Ngumu



Mji wetu wa Kindu una historia ndefu ya machozi, na sehemu kubwa ya historia hiyo haijasimuliwa kwa sauti. Tarehe 11 Novemba 1961 askari wa anga 13 wa Italia, waliokuwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa, waliuawa hapa. Miili yao ilirudishwa kwao mwaka uliofuata, na hadi leo wapo Waitalia wanaolijua jina la Kindu kwa msiba huo tu. Mwezi Julai 1964 wapiganaji wa Simba waliuteka mji, na watu wengi waliosoma, makarani na viongozi, wakauawa. Mwezi Novemba mwaka huohuo jeshi la serikali likarudi pamoja na mamluki, nalo likaja na vifo vyake. Kisha ikafuata vita ya 1998 hadi 2003. Watu waliogopa kwenda mashambani, njaa ikaingia majumbani, reli ikanyamaza, na ni mwaka 2004 ndipo treni ilipofika tena Kindu.

Waliopona walirudi kulima, kuuza, kufundisha na kulea. Vitabu huhesabu waliokufa na kutaja majina ya majemadari. Ni mara chache vinaeleza jinsi waliobaki walivyoishi na hofu, aibu na huzuni waliyorithi. Tunapenda leo kuitazama historia hiyo ya pili: ni kwa njia gani wanadamu wamejifunza kuubeba uchungu usiotaka kuondoka.

Njia inayotumiwa na wengi ni kuukimbia. Mmoja anaufungia moyoni na kukataza utajwe nyumbani. Mwingine anauzamisha katika lotoko. Mwingine anaugeuza kuwa hasira, akaimwaga juu ya mke na watoto. Kila moja ya njia hizi huleta nafuu ya saa chache, na ndiyo maana inarudiwa. Lakini fikirini mama aliyeshambuliwa njiani akienda shambani. Ili asiisikie tena hofu ile, anaiacha njia. Baadaye hata kulitazama jembe kunamkumbusha, naye analiacha shamba. Kisha anaacha soko, kwa kuwa huko watu huuliza habari. Mwishowe anaacha hata ibada. Hofu haikupungua hata kidogo. Maisha yake ndiyo yaliyopungua. Hakuna haki ya kumlaumu mama huyo, maana alitafuta usalama kama yeyote kati yetu. Tunapaswa tu kuona jinsi mtego wenyewe unavyofanya kazi.

Mtego huo ulijulikana zamani sana, tena hapahapa barani Afrika. Mwishoni mwa karne ya 4, Evagrius wa Ponto, shemasi aliyekuwa ameuacha mji wa Konstantinopoli, aliishi kati ya wamonaki wa jangwa la Misri hadi kifo chake mwaka 399. Baadhi ya mafundisho yake mengine yalikuja kukataliwa na Kanisa, lakini alichokiona ndani ya moyo wa mwanadamu kimedumu, kikafikishwa kwa Wakristo wa Magharibi kwa kalamu ya Yohane Kasiano. Evagrius alieleza uchovu wa roho unaomshika mmonaki saa za adhuhuri: jua linaonekana limesimama, chumba kinamchukiza, ndugu wote wanaonekana hawana upendo, na mawazo yanamwambia aondoke aende mahali pengine. Alifundisha kwamba kuja au kutokuja kwa mawazo ya namna hiyo hakumo katika uwezo wetu; lililo katika uwezo wetu ni kuyakaribisha yakae au kutoyakaribisha. Kwa hiyo alimshauri mmonaki asikikimbie chumba chake. Abaki, ayachunguze mawazo yake, aone lini yanakuja, lini yanapungua, na lipi linafuata lipi.

Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mwezi Mei 1521, risasi ya mzinga ilimvunja mguu askari mmoja katika vita vya Pamplona, nchini Hispania. Jina lake ni Ignasi wa Loyola. Akiwa kitandani miezi mingi, alianza kupima jinsi mawazo mbalimbali yalivyouacha moyo wake, mengine katika amani, mengine katika ukavu. Katika Mazoezi ya Kiroho, yaliyopigwa chapa mwaka 1548, aliweka kanuni inayojulikana mno: wakati wa giza la moyo, mtu asiyabadilishe maazimio aliyoyafanya wakati wa mwanga. Hakuahidi kwamba giza litaondoka upesi. Alifundisha namna ya kuishika njia wakati giza bado lipo.

Tukija karne ya 20, tunakutana na mwanachuoni wa Marekani, Steven Hayes, mwalimu wa elimunafsi. Mwaka 1978, katika mkutano wa walimu wenzake, alishikwa na hofu kali hata sauti yake ikakataa kutoka. Alijaribu kila njia ya kuishinda hofu hiyo, na kadiri alivyopigana nayo ndivyo ilivyozidi. Katika miaka ya 1980 alianza kujenga pamoja na wenzake tiba ya namna nyingine, na mwaka 1999 walitoa kitabu chao kikubwa juu yake. Kwa lugha yetu tunaweza kuiita tiba ya kukubali na kujitoa. Haikutoka katika maandishi ya wamonaki. Ilitoka katika uchunguzi wa tabia za watu. Hata hivyo ilifika karibu na pale walipofika wazee wa jangwani.

Mafundisho yake ni mepesi kusema na magumu kutenda. Mtu hujifunza kwanza kutulia mahali alipo: kuisikia ardhi chini ya nyayo zake, pumzi yake, sauti zilizo karibu naye. Kisha huitaja hisia kwa jina lake: hii ni hofu, hii ni aibu. Anajifunza kulitazama wazo kama wazo tu. Kusema “mimi si kitu” ni jambo moja. Kusema “limenijia wazo kwamba mimi si kitu” ni jambo lingine, na kati ya hayo mawili pana nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu anaacha kuifukuza hisia hiyo, anaiachia mahali, huku akijiuliza: ni mambo gani yaliyo ya thamani kwangu, na leo naweza kufanya tendo gani dogo kwa ajili yake? Yule mama wa shambani hatangoji mpaka hofu iishe. Siku moja, njia ikiwa salama, atakwenda hatua chache pamoja na jirani, hofu ikiwa kifuani, kwa sababu watoto wake wanahitaji kula.

Sisi watu wa Lualaba tuna mfano wake mbele ya macho. Kati ya Kindu na Kongolo mto una maporomoko yanayozuia meli. Waliokuwa na safari hawakuweza kuyaondoa, na kujidanganya kwamba hayapo kungewaua. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ilijengwa, kwa jasho na mateso ya wazee wetu, ili kuyapita. Maporomoko yapo hata leo, na safari iliendelea.

Je, tiba hii inafaa kwa watu waliopitia vita kama sisi? Jibu moja lilipatikana nchini Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetayarisha mafunzo yaliyojengwa juu ya tiba hiyo: vikao vitano vya saa mbili, sauti iliyorekodiwa, kitabu cha picha, na wasaidizi waliofunzwa kwa muda mfupi ambao si waganga. Kikundi kimoja kiliweza kuwa na watu hata 30. Utafiti ulifanyika kati ya wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020. Waliofuata mafunzo walipata nafuu ya dhiki ya moyo kuliko wale ambao hawakuyafuata. Nafuu hiyo ilipungua baada ya miezi mitatu, lakini haikutoweka. Tunataja yote mawili ili mtu asidhani ni muujiza. Vikao vitano havimalizi vita, havirudishi aliyekufa. Lakini vilionyesha kwamba maarifa haya yanaweza kufika mahali pasipo na daktari wa akili, kwa mikono ya watu wa kawaida.

Hapa lazima tuseme wazi jambo ambalo likieleweka vibaya litaharibu yote. Katika nchi yetu neno kukubali limechoka. Tumekubali barabara mbovu, tumekubali mishahara isiyolipwa, na kila baya likitupata tunasema: “Tutafanya namna gani?” Huko ni kukata tamaa. Kukubali tunakokuzungumzia ni kukubali kwamba uchungu huu umo ndani yangu. Hakuhusu kabisa kuukubali uovu uliousababisha. Aliyebakwa anaweza kuiachia huzuni yake nafasi na bado akamshtaki aliyemtenda. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, huwahudumia waliodhulumiwa kwa tiba ya mwili na ya moyo, na pia kwa msaada wa kisheria na wa kujitegemea. Moyo uliotulia haupunguzi kiu ya haki. Mara nyingi ndio unaompa mtu nguvu ya kusimama mbele ya hakimu.

Tusidhani pia kwamba maarifa haya ni mageni kwetu. Katika matanga, watu huja wakaketi chini pamoja na mfiwa. Hawamkatazi kulia, wala hawamharakishi. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vema siku saba walizokaa naye kimya. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Zaburi nyingi ni malalamiko yasiyofichwa. Na Bwana wetu katika bustani ya Getsemane hakuuficha uchungu wake mbele ya wanafunzi wake: aliutaja, aliomba kikombe kimwondokee, kisha akainuka akaenda alikotumwa. Kilichopungua kwetu ni ujasiri wa kuyatendea majeraha ya 1964 na ya vita vilivyofuata kama tunavyoutendea msiba wa jana.

Kwa hiyo, vijana, kazi iliyo mbele yenu ni ya kweli. Mzee akianza kusimulia, msimkatize kwa faraja ya haraka. Mwenzenu akisema ana hofu, msimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Keti naye, muulize, sikiliza. Na mkimwona mtu asiyelala, asiyekula, au anayesema hataki tena kuishi, msimwache peke yake, wala msidhani maneno yenu yatatosha: mpelekeni kituo cha afya, mkakae naye huko. Aliyevunjika mguu hatumwambii auzoee. Ndivyo ilivyo pia kwa moyo uliovunjika kupita kiasi.

Waliotutangulia walivuka mengi wakiwa na uchungu kifuani, wengi wao bila mtu wa kuwasikiliza. Ninyi mnaweza kuwa kizazi kinachosikiliza.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika familia zetu, ni mambo gani ya zamani yasiyotajwa, na ukimya huo umetuletea nini?
2. Ni hisia ipi tunayoikimbia zaidi, na katika kuikimbia tumeacha kazi gani, au watu gani, tunaowathamini?
3. Tutatofautisha vipi, katika mambo ya mtaa wetu, kati ya kukubali uchungu na kuukubali uovu?